Umeme ulipokatika ndo redio ikafunguka

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo najua wengi wataliona dogo lakini mi limenikaa rohoni muda mrefu. Mi ni msikilizaji wa redio. Si hii FM ya mjini ambayo ukiwasha tu inaongea, nasema AM, ile iliyoandikwa MW kwenye redio nyingi, masafa ya kati, na shughuli yangu usiku ni kutafuta stesheni za mbali. Sitafuti habari wala muziki, nataka tu nisikie sauti iliyotoka mbali kabisa ikifika hapa Tanga, niijue ni ya nani, niandike kwenye daftari tarehe na saa na namba yake ya masafa, afu nihamie nyingine. Nimeanza nikiwa darasa la sita na redio ya marehemu baba, National ya betri kubwa, na mpaka leo nina madaftari 11 kabatini.

Sasa usiku wa Juni 14 umeme ukakatika mtaani kwetu. Naposema mtaani si nyumba mbili tatu, hata taa za msikitini zilizima. Nilikuwa barazani na redio yangu ndogo ya Kichina ya betri, ile inayoonesha namba, na kusema kweli nilikuwa nimeshakata tamaa kama siku zote, manake kwa mwaka na zaidi nikiwasha AM pale nyumbani sipati kitu zaidi ya mngurumo, nnnnnn ya moja kwa moja toka mwanzo wa bendi mpaka mwisho, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Umeme ulivyokatika na ule mngurumo ukakatika papo hapo. Kimya. Afu ndani ya kile kimya, polepole, watu wakaanza kuongea.

Nikawa nazungusha kitufe na kila nilipofika palikuwa na mtu. Kwenye 1521 Kiarabu cha Saudia, mtambo wa Duba pwani ya Bahari ya Sham, uliojengwa kwa nguvu ya kilowati 2,000. Kwenye 1170 nyimbo za dini, wale TWR, redio ya Kikristo iliyoko Eswatini. Kwenye 1071 Kiurdu, na hapo nikatulia, manake nilijua ni All India Radio ya Rajkot kule Gujarat lakini mwaka mzima na zaidi nilikuwa sijaisikia. Nikamfuata mzee wa duka la jirani, anayejua Kiurdu, aliyekuwa amekaa nje na kandili yake, nikamwekea redio sikioni, akasikiliza kidogo akanyanyua kidole, "ngoja, ngoja, huyu anasoma mashairi". Tukakaa pale kwenye giza mi na yeye, yeye ananitafsiria mstari mmoja mmoja.

Baada ya hapo nikapanda kidogo mpaka 1107 na kulikuwa na stesheni nisiyoijua kabisa. Nikashika kalamu nikawa nasubiri saa tatu kamili, kwa sababu saa kamili ndo stesheni nyingi zinataja jina. Saa tatu kasoro dakika moja umeme ukarudi. Watoto mtaa mzima wakapiga kelele "umerudiiii", na redio yangu ikarudi kwenye debe la nyuki.

Kwa wasiojua niseme kidogo inakuwaje. Mchana AM haiendi mbali, inatambaa juu ya ardhi, na vizuri zaidi juu ya maji ya chumvi ndo maana sisi wa pwani tuna bahati, ile inayopanda angani inamezwa na tabaka la hewa yenye chaji ambalo jua lenyewe ndo linalitengeneza, kama kilomita 60 mpaka 90 juu yetu. Jua likizama lile tabaka linapotea haraka, mawimbi yanapita mpaka kwenye matabaka ya juu zaidi ambayo hayamezi, yanarudisha chini. Hapo ndo sauti ya Rajkot inavuka bahari nzima inatua Tanga, zaidi ya kilomita 4,500, njia ileile ya majahazi yaliyokuwa yakija na kaskazi, ila yenyewe haingoji msimu. Mwingereza Edward Appleton ndo alithibitisha mwaka 1924, kwa majaribio aliyofanya na mtambo wa BBC wa Bournemouth, kwamba kweli kuna kitu kule juu kinachorudisha mawimbi, na mwaka 1947 akapewa Nobel. Hayo nimekuja kuyasoma ukubwani. Utotoni nilichojua ni kwamba baba hagusi mshale wa redio kabla ya magharibi.

Baba alikuwa akishaswali anakaa kwenye kiti chake cha kamba, anangoja ile ngoma ya Radio Tanzania na taarifa ya habari ya saa mbili, ikiisha ndo anaanza kutembea na mshale. Yeye ndo alinifundisha kwamba si mshale tu unaozungushwa, hata redio yenyewe inazungushwa. Fungua redio yoyote ya AM, ndani utakuta kijiti cheusi kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba, hicho ndo eriali yake, ile ya chuma inayovutwa juu ni ya FM na masafa mafupi. Ukikiweka kijiti ubavu kuelekea stesheni inasikika vizuri, ukikielekeza ncha inazimika. Kwa hiyo stesheni mbili zikigombana kwenye namba moja unageuza taratibu mpaka moja inazama na nyingine inatokea. Baba alikuwa anaigeuza juu ya meza kwa vidole viwili, kafumba macho, kama mtu anayetafuta kibla kwenye nyumba ya wageni.

Na kusikiliza mbali kwetu halikuwa jambo la kupoteza muda tu. Dar es Salaam ndo ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu 1963, na Radio Tanzania iliwapa nafasi hewani FRELIMO, ANC na wengine, kuna watu kule kusini waliokuwa wanajifungia ndani, sauti chini kabisa, sikio limegusa spika, wanaitafuta Dar. Baba alikuwa akisema kila ukiisikia stesheni ya mbali ujue na kule kuna mtu anatutafuta sisi.

Mi mwenyewe kwa miaka mingi saa mbili usiku ilikuwa ni 909. Hiyo ilikuwa VOA, Sauti ya Amerika, redio ya serikali ya Marekani, mtambo wa Mopeng Hill kule Selebi-Phikwe Botswana, kilowati 600, jioni walikuwa na kipindi cha Wazimbabwe kinaitwa Studio 7. Sijui Kishona lakini ukikisikiliza kwa makini unaokota maneno, mvura, vanhu, nyama, unajisikia kama umefika kwa ndugu wa mbali ambao hamjaonana siku nyingi. Na alfajiri kulikuwa na 1530, VOA hao hao toka kisiwa cha São Tomé, upande wa pili kabisa wa Afrika, zaidi ya kilomita 3,500 kuvuka Kongo nzima. Hii ilikuwa inataka uamke. Saa kumi na mbili asubuhi jua la Tanga halijatoka, kule São Tomé bado ni usiku wa manane, wanafungua kipindi cha asubuhi, unaisikia kwa dakika chache tu katikati ya mikwaruzo ya radi za Kongo, tak tak taaak, jua likishachomoza inazama chini na hairudi mpaka kesho. Stesheni za mashariki zilishaondoka kabla yake, kwa sababu kule kulishakucha. Yaani unasikia kabisa mapambazuko yanavyotembea toka mashariki kwenda magharibi. VOA waliposimamishwa Machi 2025 namba hizo mbili zikakoma kwenye daftari langu, na mpaka leo mkono wangu ukifika 909 unasita.

Najua dunia inaiacha AM. Deutschlandfunk ya Ujerumani walizima mitambo yao ya AM tarehe 31 Desemba 2015, na kuna magari ya umeme yanatoka kiwandani bila AM kabisa manake umeme wa mota zake unaingilia redio. Hayo siwezi kuyazuia. Na stesheni kubwa ikizima, mara nyingine kwenye namba ileile anatokea mdogo aliyekuwa amefunikwa miaka yote, mi hilo huwa linanifurahisha. Kinachoniuma ni kwamba stesheni zipo, zinafika hapa kila usiku, zinapita juu ya paa zetu, lakini hatuzisikii kwa ajili ya takataka tulizochomeka wenyewe kwenye soketi. Usiku ule wa giza ndo ulinionesha. Angani hakujaharibika kitu.

Kesho yake nikaanza msako. Nikaanza nyumbani kwangu kwanza maana si vizuri kumnyooshea jirani kidole kabla hujajikagua. Nikazima meni swichi, redio ya betri mkononi, mngurumo ukapungua karibu nusu! Nikawa nawasha kimoja kimoja. Friji haina neno, ikiwaka inapiga tak moja basi. King'amuzi kelele kidogo. Balbu ya sebuleni mbaya, balbu ya chooni ambayo ni ya aina nyingine kimya kabisa, na ukiziangalia kwa macho zote ni balbu nyeupe tu za LED. Afu chaja ya simu ya mwanangu, ya kununua kwa machinga, ukiichomeka tu hata kama haina simu bendi yote inajaa.

Nikaifungua (usifungue kama hujui, ndani kuna kapasita inabaki na umeme hata ukichomoa) nikaiweka mezani pamoja na chaja nyingine ya zamani iliyokuja na simu kwenye boksi lake. Ile ya zamani, pale umeme unapoingilia kuna koili ndogo ya njano na kapasita mbele yake, hizo kazi yake ni kuchuja kelele zisirudi kwenye nyaya za nyumba, manake hizi chaja zinakata umeme vipande vipande maelfu ya mara kwa sekunde na nyaya za nyumba yako zinageuka kuwa eriali ya kurusha ule mngurumo. Sasa hii ya bei chee bodi yake ni karibu ileile. Alama nyeupe ya koili imechapishwa, herufi na namba yake zimeandikwa, matundu ya kuichomea yapo. Koili yenyewe haipo. Wameunga kipande cha waya toka tundu hadi tundu. Nilikiangalia kile kipande cha waya muda mrefu, hakifiki hata urefu wa punje ya mchele, na ndo hicho kilichoniziba Rajkot mwaka mzima.

Nusu iliyobaki ilikuwa ya nje. Nikatembea usiku na redio mkononi, kila nikisogea kwenye ukuta wa mama jirani inazidi. Ana taa ya nje inawaka toka magharibi mpaka asubuhi. Jioni yake nikamwendea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Nikaona nikimweleza kwa maneno hatanielewa, nikamwomba tu aizime taa kidogo huku nimeshika redio. Akazima. Kiarabu kikatokea mkononi mwangu. Akawasha, kikapotea. Akazima tena mwenyewe bila kuambiwa, akawasha, akazima.

"Kumbe ndo hii? Na mimi redio yangu usiku inaunguruma, nimeshaipeleka kwa fundi mara mbili, kila mara ananitoza na haiponi."

Basi tukabadilisha balbu, nikamletea ya aina ile ya chooni kwangu, na sahivi ananiita mara moja moja nikamtafutie stesheni.

Mhariri hilo la fundi ndo limenisukuma niandike. Wazee wangapi wametupa redio nzima kabisa wakidhani zimekufa? Wangapi wanaambiwa AM imekwisha siku hizi, hamna kitu, na wanaamini, wakati tatizo ni balbu ya mlangoni? Mvuvi aliyeko baharini usiku hana hilo tatizo, yeye anasikia kila kitu, akirudi nyumbani redio ileile ni bubu.

Na si kwamba jambo hili halina utaratibu. Kuna kamati ya kimataifa inaitwa CISPR, iliundwa mwaka 1934 kwa ajili ya hizi kelele, wakati huo balbu za LED hazijaota hata ndotoni, na wana kiwango kabisa cha taa, CISPR 15, kinachosema kelele isipite wapi. Kwa hiyo ninaowaomba ni wote wanaokagua bidhaa za umeme kabla hazijaingia sokoni: mkipima kama chaja itaunguza nyumba, mkipima kama balbu inatoa mwanga ulioandikwa kwenye boksi, pimeni na hiki. Na mnaoleta makontena ya balbu na chaja, muulizeni kiwanda kama koili imo. Tofauti ya bei ya ile koili na kile kipande cha waya haiwezi kuwa kubwa kiasi cha kuinyamazisha mitaa.

Kwa mnunuzi wa kawaida njia rahisi ninayoitumia mi ni hii, nenda dukani na redio ndogo ya AM ya betri, iweke mahali pasipo na stesheni, mwambie muuzaji aichomeke balbu. Ikinguruma ukiigusanisha kabisa na redio, hiyo ni kawaida. Ikinguruma ukiwa hatua tatu mbali, iache pale pale. Wauzaji wa mtaani kwetu mwanzo walinishangaa, sasa kuna mmoja ananiwekea pembeni zile kimya.

Na wewe uliye na redio ya digito ukaona AM haishiki kitu hata kwenye giza, angalia hatua yake. Huku kwetu stesheni zimepangwa kwa kilohezi 9, namba yoyote ya AM huku ukiigawa kwa 9 haibaki kitu, igawe 909, igawe 1071 uone. Redio nyingine zimewekwa hatua ya 10 ya Marekani, hizo zitakuwa zinaruka pembeni ya stesheni nyingi. Nyingi zina mahali pa kubadilisha.

Mi nikitaka kusikiliza kweli siku hizi napanda bodaboda mpaka Raskazone, naikalia bahari. Naenda na fremu ya mbao mbili zilizokatana, kila upande sentimita 60, nimezungushia waya mizunguko 11, mwisho wake kuna kondensa ya kuzungusha, ile ya kuchagulia stesheni, niliyoing'oa kwenye redio mbovu. Haiungwi na redio kwa waya wowote. Unaiweka redio kando yake tu, unazungusha kondensa polepole, na stesheni iliyokuwa mnong'ono inasimama mbele yako kama mtu kaingia mlangoni. Vijana wanaovua kwa mshipi pale wamezoea, wananiuliza leo umempata nani. Mara ya mwisho mmoja wao alishika fremu mwenyewe akaigeuza mpaka Saudia ikatulia, akasema mkono wake umehisi pale ilipokaa. Hata mi huwa nahisi hivyo.

Ombi jingine dogo ni kwa watangazaji wenyewe, wa kwetu na wa nchi jirani, ambao bado mko AM. Saa kamili ikifika tajeni jina la stesheni na mji. Siku hizi kuna stesheni inaweza kupiga muziki saa nzima bila kusema ni nani, na aliyeko karibu hana shida, anaijua, lakini kuna mtu kilomita elfu mbili kashika kalamu anangoja. Na akikuandikieni kwamba amewasikia, tarehe fulani, saa fulani, mlikuwa mnasema hivi na hivi, mjibuni hata kwa mistari miwili. Kadi na barua nilizojibiwa mi nimezitunza zote, kuna nyingine karatasi imeshakuwa njano, na nikizishika najua kuna fundi mitambo mahali fulani alijua sauti yake imefika Tanga.

Sasa ile ya 1107. Nimerudi Raskazone usiku sita tofauti na sijaipata tena. Ilikuwa Juni 14, niliishika kama saa mbili na dakika 40 usiku saa za Afrika Mashariki, ikaenda mpaka saa tatu kasoro moja. Mwanamke anasoma, sauti nzito kidogo, hana haraka, anapumzika baada ya kila sentensi. Si Kiarabu. Si Kisomali, Kisomali nakijua kwa sikio. Kiurdu mzee wa duka alisema siyo. Katikati ukapigwa wimbo mmoja wa nyuzi na makofi, waimbaji wanaume, afu yule mwanamke akarudi. Sauti ilikuwa inapanda na kushuka kila baada ya dakika moja hivi, kwa hiyo ni ya mbali. Kama kuna msomaji wako Pemba, Lamu, Mombasa, hata Moroni, aliyekuwa macho usiku ule na redio ya betri, naomba aniandikie kupitia gazeti hili. Kwangu ilisikika vizuri zaidi redio ikiwa ubavu kwa kaskazini-mashariki, kwa hiyo ama ilitokea huko, ama kinyume chake kabisa, kusini-magharibi.

Msikilizaji wa AM,
Tanga